Kutwa Mara Tatu

Leo tuzungumze juu ya maneno matatu ambayo wazazi wengi mmeyasoma kwenye chupa ya dawa ya mtoto: kutwa mara tatu. Maneno hayo ni mepesi, lakini ndani yake mna mtego. Kutwa, katika mazungumzo yetu ya kila siku, ni tangu jua kuchomoza hata kuzama. Basi mama humpa mtoto dawa asubuhi, humpa adhuhuri, humpa tena kabla ya magharibi, akaamini ameitimiza amri ya tabibu. Kumbe tangu magharibi ile hata asubuhi mtoto amekaa saa 12 bila dawa, na bakteria walio katika mapafu au sikio lake wamepewa usiku mzima wa kujizatiti.

Tabibu aandikapo hivyo hukusudia saa 24, usiku ukiwamo. Dawa ya mara tatu ni ya kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Ya mara mbili ni saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Mtoto aliyelala na aamshwe. Ni usumbufu, hasa kwa mama atakayewahi alfajiri soko la vitunguu la Misuna. Lakini hakuna sheria iliyosema kwamba kijiko cha usiku hakiwezi kushikwa na baba.

Dawa nyingi za namna hii, amoksilini ikiwa mojawapo, hutoka kiwandani zikiwa unga mkavu ndani ya chupa. Anayeongeza maji ndiye anayeamua nguvu ya dawa. Maji yakizidi mstari, kila kijiko kitakuwa chepesi. Yakipungua, kitakuwa kikali. Chupa hutikiswa kwanza ili unga uachane, hutiwa maji kiasi, hutikiswa tena, povu likatulia, ndipo maji huongezwa hadi mstarini. Maji yawe yamechemshwa na kupoa kabisa. Hapa Singida visima vingi vina maji ya chumvi, na kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi. Tafuta maji yale mnayokunywa nyumbani. Si aibu hata kidogo kumwomba muuza dawa aichanganye mbele ya macho yako.

Kisha kijiko. Tabibu akisema kijiko kimoja cha chai, hukusudia mililita 5. Vijiko vya kabatini kwetu havikutengenezwa kwa mizani hiyo: kimoja huchukua mililita 3, kingine 7, na kijiko cha chakula huweza kufikia 15, yaani dozi tatu kwa mpigo. Tumia kijiko au kikombe kilichomo katika boksi la dawa, au omba bomba la kupimia lisilo na sindano. Tikisa chupa kila mara, kwa kuwa dawa hutuama chini; asiyetikisa humpa mtoto maji matupu siku za mwanzo na tope kali siku za mwisho.

Ikishachanganywa, dawa huanza kuhesabu siku zake. Nyingine hudumu siku 7, nyingine 14. Karatasi ya chupa ndiyo msemaji, nawe andika juu yake tarehe ya kuchanganya. Joto la Oktoba na Novemba chini ya bati haliihurumii. Asiye na jokofu aiweke chupa, ikiwa imefungwa barabara, ndani ya bakuli la maji baridi kivulini, mbali na jiko na mbali na mkono wa mtoto. Zipo dawa zisizovumilia kukosa jokofu. Kwa hiyo mweleze tabibu hali ya nyumba yako kabla hajaandika cheti. Huenda akakupa vidonge vya kuyeyusha katika maji kidogo, ambavyo Shirika la Afya Duniani huvipendekeza kwa homa ya mapafu ya watoto walio chini ya miaka 5.

Lililo baya kuliko yote ni nusu chupa iliyobaki. Mtoto huchangamka siku ya pili au ya tatu, dawa ikawekwa juu ya kabati kwa ajili ya mdogo wake au mtoto wa jirani. Mgonjwa wa kwanza huachwa na bakteria waliojeruhiwa tu. Wa pili hupewa dawa iliyochacha, kwa kipimo cha uzito usio wake, na pengine anaumwa mafua, ambayo huletwa na virusi na hayasikii dawa hii. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel kwamba kipimo pungufu huwafundisha vijidudu kuishinda dawa.

Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, kwa kawaida dozi hurudiwa. Akiitapika tena, rudi zahanati. Ukisahau dozi, mpe ukumbukapo, lakini usimpe mbili kwa pamoja. Akitokwa na vipele, simamisha dawa umwone tabibu. Akivimba uso, akishindwa kunyonya, akipata degedege, au kifua kikibonyea ndani avutapo pumzi, usingoje saa ya dozi ifuatayo: mbebe umpeleke hospitali saa ile ile, na chupa uichukue.