Lori la Sepuka Si Lori la Pemba



Baadhi yetu tulifika Sepuka, katika Mkoa wa Singida, kuwaamkia wakulima wenzetu wa alizeti. Tulirudi na habari nyingi za mafuta na mashudu, lakini leo twataka kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni bomba la moshi la lori. Wapo watakaocheka. Na wacheke.

Yametufikia maneno kuwa wanachama kadhaa wanachangiana kununua lori lililokwisha tumika Ulaya. Ni jambo jema. Lakini kila tunayemwuliza ametazama nini, hujibu: mipira, injini na bodi. Bomba la moshi hakuna alitajaye, na hali malori mengi ya dizeli yatokayo huko miaka hii yana chujio ndani ya bomba, la kukamata masizi yasitoke nje.

Chujio hilo hujisafisha kwa moto. Gari likienda mwendo mrefu moshi hupata joto na masizi huungua. Yakizidi, dizeli zaidi humwagwa ili joto lifike kama nyuzi 600. Lori la Sepuka hupakia alizeti, na likiitwa Dar es Salaam hukata karibu kilometa 700. Njiani chujio lake hupata moto wa kutosha. Lakini Pemba nzima haizidi kilometa 70 kwa urefu! Lori letu litapanda na kushuka vilima, litasimama kila penye magunia, kisha litazimwa. Masizi yatajaa, injini itakosa pumzi, taa itawaka, na fundi atasema, "Tulikate tu, bwana."

Hapo ndipo tunapokataa. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa moshi wa dizeli huwaletea watu saratani. Na tusisahau kuwa wapo kati yetu waanikao majamvi karibu na njia ya magari. Karafuu iliyochumwa kwa taabu, ikachambuliwa vikonyo usiku, inakaa juani siku kadhaa huku masizi yakiishukia. Mnunuzi akiona uchafu akashusha daraja, hatamwuliza dereva.

Basi shauri letu ni hili. Lori lenye chujio na linunuliwe ikiwa tu lina kitufe cha kuunguza masizi hali limesimama, na kifanye kazi mbele ya macho yenu kabla ya fedha kutoka. Asiyeweza kazi hiyo ya matunzo, afadhali achukue lori lililoundwa bila chujio, nozeli zake zikiwa safi. Nalo litatoa moshi, hatukatai. Ndiyo maana majamvi yahamishwe mbali na njia kwa vyovyote.

Oili nayo iwe ile isiyoacha majivu mengi, kwani masizi huungua lakini majivu hayaungui. Yakishajaa, hapana budi chujio lifunguliwe likasafishwe. Chujio likijaa upesi mno, tazameni nozeli na turbo kwanza. Moshi mweusi, angalieni chujio la hewa. Moshi wa buluu, injini inakula oili. Sailensa iliyotoboka au kuacha alama nyeusi penye maungio inavuja, na moshi uvujao chini ya kibanda humlevya dereva.

Dereva mmoja wa Sepuka alitufundisha jambo ambalo hatukulifikiri. Yeye haunguzi masizi wala haachi lori lenye bomba la moto juu ya mabua makavu ya alizeti. Hutafuta kwanza udongo mtupu. Sisi hatuna mabua, lakini wakati wa kiangazi chini ya mikarafuu tuna majani makavu ya kutosha kuteketeza shamba la babu.

Katika mkutano ujao, kabla mchango haujapitishwa, tutauliza ni nani aliyelala chini ya lori hilo akalitazama.