Mabomba mapya mpakani bila kufukua barabara

Bomba la maji likichakaa chini ya barabara ya Busia au Namanga, wa kwanza kulipa si shirika la maji. Ni mama mwenye matenga ya nyanya na magunia ya dagaa, ambaye lori lake limekwama kwa sababu barabara imefukuliwa.

Si lazima iwe hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Uingereza ilianza kubadili mabomba ya gesi kwa njia nyingine. Mafundi huchimba shimo moja kila mwisho. Kichwa cha chuma chenye ncha huvutwa ndani ya bomba kuukuu, hulipasua na kusukumia vipande kwenye udongo, huku kikiburuta nyuma yake bomba jipya la plastiki, hata lenye kipenyo kikubwa zaidi.

Wanaolalamikia gharama huhesabu mashine tu; lami ya kurudishia na dagaa waliooza hawavihesabu. Masharti yapo, kweli. Maungio ya kila mteja hufukuliwa, na nyaya na mabomba jirani lazima yajulikane yalipo, yasivunjwe. Hapo ndipo penye kazi, maana ramani nyingine zimo kichwani mwa fundi mzee tu.

Busia ina kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa 2018, lakini mashirika ya maji ni mawili. Yabadilishane ramani kabla ya zabuni. Vyama vya wafanyabiashara navyo vidai kila mkandarasi, wa kufukua na wa kupasua, aandike barabara itafungwa siku ngapi.