Tochi Kubwa Ikikataa Kuwaka, Tusianze na Kulaumiana



Juma hili tunaleta habari ya tochi ya chama. Wengi mmetuuliza, na habari iliyozunguka hapa Mubambiro si ile iliyotokea. Tunasema ile tochi kubwa yenye mkono wa kushikia, yenye mwanga wa kufika mbali, tuliyoinunua kwa pesa ya sanduku ili itusaidie usiku.

Mnakumbuka kwa nini tuliinunua. Njia zetu ni za mawe ya volkano, makali kama wembe, na anayejikwaa usiku anaamka na jeraha. Tena mnakumbuka mwezi wa tano wa mwaka 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 jioni, na tarehe 27 watu wa sehemu nyingi za Goma waliambiwa wahame. Wengi sana walipita katika barabara yetu kwenda Sake, na watoto mgongoni na magodoro kichwani. Wakati ule tulisema: chama cha wamama hakiwezi kukosa taa ya nguvu. Tulikusanya kidogo kidogo, mkutano kwa mkutano, mpaka tukaipata.

Sasa usiku mmoja wa mvua, mama mmoja mjamzito alishikwa na uchungu. Ilikuwa lazima atembezwe mpaka barabarani, apande moto, aende maternite. Tulikimbia kwa mama mtunzaji kuchukua tochi. Tukabonyeza, giza. Tukabonyeza tena, giza. Tukaipiga kofi kama tunavyopiga redio ya zamani, giza. Mama yule alitembea kwa mwanga wa simu mbili, moja yenye kioo kilichopasuka, na sisi tukimshika huku na huku. Tunamshukuru Mungu, mtoto alizaliwa salama.

Lakini asubuhi maneno yalikuwa yameshaamka kabla yetu. Wengine walisema mama mtunzaji aliazimisha tochi kwenye matanga. Wengine walisema betri nzuri ilitolewa, ikawekwa iliyokufa. Yeye hakujibu. Alileta ufunguo, akauweka juu ya meza, na mikutano miwili hakuonekana.

Na sisi tunaoandika ukurasa huu tulinyamaza. Hatukusema neno baya, lakini neno zuri pia hatukusema. Ndiyo sababu leo tunataka kuwaeleza jinsi ya kuchunguza tochi iliyokataa kuwaka, hatua kwa hatua. Kila mmoja wetu ajue kuuliza kifaa kabla ya kumhukumu mtu.

Kanuni ni moja: anza na kilicho rahisi, kisha uende kwenye kigumu. Fanya mchana, mahali pakavu, na watoto wakae mbali.

Kwanza, angalia kitufe cha kuwashia. Tochi nyingi kubwa zina kizuizi kidogo pembeni, ili zisijiwashe zenyewe ndani ya mfuko. Kizuizi kikisukumwa, tochi inakuwa kama imekufa. Nyingine zinataka ubonyeze na kushikilia muda kidogo. Nyingine haziwaki kabisa zikiwa kwenye chaja. Tochi ngapi zimepelekwa kwa fundi, naye akasukuma tu kizuizi kwa kidole na kuomba pesa yake!

Pili, angalia chaja. Chomeka simu mahali pale pale ulipochomeka tochi. Simu ikikataa, shida ni umeme, si tochi. Simu ikikubali, angalia waya wa chaja, hasa pale unapoingilia kwenye tochi, maana ndipo unapokunjwa kila siku na kukatika kwa ndani. Chaja ya tochi nyingine isitumiwe mpaka umesoma volti zilizoandikwa juu yake. Tundu kuwa sawa haina maana kwamba nguvu ni sawa.

Hapa tuwaonye juu ya taa ndogo ya chaja. Kwa tochi nyingi nyekundu maana yake inaingiza moto, na kijani maana yake imejaa. Tulipochomeka tochi yetu, kijani ilitokea baada ya dakika chache, tukapiga makofi. Tulifurahi bure. Betri iliyochoka haipokei tena umeme, na chaja inadhani imeshiba. Walimu tunawajua wanafunzi wa namna hiyo: unapoanza tu kueleza, yeye ameshasema "nimeelewa". Huyo ndiye wa kupewa swali la pili. Betri kubwa iliyoisha haiwezi kujaa kwa dakika tano. Kwa chaja ndogo inataka saa nyingi, mara nyingine usiku mzima.

Tatu, angalia uchafu na unyevu. Kama tochi yako ni ya kutumia mawe ya kununua dukani, yatoe yote. Usichanganye mapya na ya zamani, maana yale mabovu yanamaliza mazuri. Angalia kama yamewekwa upande sahihi, na kama kuna unga mweupe au maji ya kunata kwenye vyuma. Pangusa kwa kitambaa kikavu, kisha sugua chuma polepole kwa karatasi ya msasa mpaka king'ae. Halafu nawa mikono kwa sabuni. Vumbi letu jeusi la volkano nalo huingia kila mahali, na vumbi likikaa kati ya chuma na chuma, umeme haupiti vizuri.

Nne, fyuzi. Tochi nyingine zina kikopo kidogo cha kioo chenye uzi mwembamba ndani. Uzi ukikatika, taa haiwaki. Fyuzi ni mlinzi: inakubali kufa yenyewe ili nyaya zisiungue. Weka nyingine yenye namba ile ile. Usiweke karatasi ya sigara wala kipande cha waya. Ukifanya hivyo umemfukuza mlinzi, na siku moja tochi itawaka moto badala ya mwanga.

Tano, balbu. Kama ni balbu ya zamani yenye uzi, itazame dhidi ya jua, uzi uliokatika utauona. Ukiweka mpya aina ya halojeni, usiishike kwa vidole vitupu, maana mafuta ya ngozi yanaifanya ipasuke ikipata moto. Kama ni taa za kisasa zenye vidoa vidogo vya manjano, hizo hazifi zote pamoja mara nyingi. Zikizimika zote kwa mara moja, tafuta sababu kwanza penginepo.

Sita, betri yenyewe, na hapa umtafute fundi mwenye kipimo cha volti. Betri ya risasi ya volti 12 ikiwa imejaa inaonyesha karibu 12.7. Ikiwa chini ya 11.8, imeisha. Ile ya volti 6 ni nusu ya hizo: karibu 6.3 ikiwa imejaa. Betri moja ya lithiamu, kama za simu, hufika 4.2 ikijaa, na ikishuka chini ya 3 iko katika hatari. Mwombe fundi apime pia wakati taa inajaribu kuwaka. Kuna betri inayoonyesha namba nzuri ikipumzika, lakini ukiipa kazi inaanguka pale pale.

Kijana mmoja alitaka kugusanisha nyaya mbili za betri "kuona kama cheche itatoka". Tulimzuia. Cheche inaweza kuchoma mkono, na betri ya risasi wakati wa kuchajiwa inaweza kutoa hewa inayoshika moto. Betri ya lithiamu iliyovimba isichajiwe, isitobolewe, isikandamizwe. Itolewe nje ya nyumba, mbali na kitu kinachoungua.

Sasa tuwaambie tochi yetu ilikuwa na nini. Kizuizi kilikuwa sawa, chaja ilikuwa sawa, fyuzi nzima, vyuma visafi. Fundi alipotaka kufungua alituita tuangalie skrubu. Rangi ya kiwandani ilikuwa bado imezifunika, na hakuna bisibisi iliyowahi kuzigusa. Hakuna aliyebadilisha betri. Ilikuwa ile ile tuliyoinunua. Ya volti 6, kipimo kikasoma 3.1.

Fundi akauliza swali moja: "Mara ya mwisho mliichaji lini?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekumbuka. Ndipo tukafungua daftari la chama na kusoma tulichoandika wenyewe: tochi ifungiwe, isitumiwe ovyo, itolewe siku ya shida tu. Mama mtunzaji alitii. Aliifunga katika kitambaa, akaiweka juu ya kabati, na zaidi ya miezi sita hakuruhusu mtoto aiguse. Aliitunza kama tulivyomwambia, na ilikufa kwa utunzaji huo.

Betri ya risasi haipendi kulala na njaa. Ni kifaa cha zamani: Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859, nayo ilikuwa betri ya kwanza ya kuchajiwa tena na tena. Tangu hapo haijabadilisha tabia yake. Hata ukiizima na kuifungia, inapoteza nguvu kidogo kila mwezi. Ikiisha na kuachwa hivyo, ugumu kama chumvi hujijenga juu ya vipande vya risasi ndani yake, na baada ya muda chaja haiwezi tena kuuondoa. Ni kama sufuria ya bugali iliyoachwa bila kuloweshwa: siku ya kwanza inaosheka, baada ya mwezi unakwangua bure.

Betri mpya tumeiweka. Bei yake haikufika robo ya bei ya tochi mpya, na sanduku limelipa. Ile ya zamani tumempa fundi airudishe kwa wanaonunua betri zilizokufa. Tunawaomba nanyi msizitupe shambani, chooni wala ziwani. Risasi ni sumu, na inadhuru watoto wadogo kuliko sisi. Mtoto asipewe betri kuwa mchezo, na betri isitiwe motoni.

Kuanzia sasa tumekubaliana hivi. Tochi itawashwa kila Jumamosi kwa dakika moja, mbele ya wamama wawili. Itachajiwa kila mwisho wa mwezi, hata kama haikutumiwa, na kila mara ikitumiwa ichajiwe kesho yake. Tarehe na jina la aliyechaji vitaandikwa katika daftari. Mwenye plake ya jua nyumbani asiiunganishe moja kwa moja na tochi. Plake inayoitwa ya volti 12 juani inatoa 17 au 18, na betri ya volti 6 haiwezi kuvumilia. Lazima pawe na kifaa cha kusawazisha katikati. Tena mwanga ule usielekezwe machoni mwa mtu, hasa dereva wa moto anayekuja mbele yenu.

Wavuvi wa sambaza hapa ziwani Kivu wanafanya kazi usiku kwa taa, kwa sababu samaki huufuata mwanga. Mvuvi mwenye akili hasubiri afike katikati ya ziwa ndipo ajaribu taa yake. Anaijaribu ufukweni, jua likiwa bado juu. Sisi tulijaribu tochi yetu kwa mara ya kwanza baada ya miezi, usiku, katika mvua, na mama akilia kwa uchungu. Kosa hilo si la mtu mmoja. Liliandikwa katika daftari na sote tulilipigia makofi.

Jumapili iliyopita tulikwenda nyumbani kwa mama mtunzaji, komite nzima. Hatukupeleka hotuba. Tulipeleka kipimo cha fundi kilichoandikwa kwenye karatasi, daftari letu lenye ile kanuni, na ufunguo. Tulimwambia mbele ya watoto wake kwamba hakuiba na hakuazimisha, na kwamba tulipaswa kusema hivyo siku ile ya kwanza. Alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza kama mtoto yule aliyezaliwa ananyonya vizuri. Tukamwambia ananyonya sana.

Ufunguo hakuupokea. Alisema ampe mwingine zamu, yeye atakuwa mmoja wa wale wawili wa Jumamosi. Tumemkubalia. Basi, mliosema maneno yale, mnajua njia ya kwenda kwake. Ni fupi, na mchana haihitaji tochi.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.