Samaki wako wanajua maji yametoka wapi

Hakuna jambo linalomchanganya mfugaji wa samaki wa nyumbani kama kipimo cha maji kinachotoa jibu asilolitarajia. Maji ni mapya, ni maangavu, hayana harufu. Unatia matone ya dawa kwenye kichupa, unatikisa, unalinganisha rangi na ile ya kadi, na jibu linakuwa jingine kabisa. Wengi hapo huamua kuwa dawa imeharibika au mwenye duka amewapunja. Wengine humwaga maji yote na kuanza upya, na kesho yake wanaokota samaki waliokufa.

Kabla ya kufanya lolote, jiulize kwanza: maji haya yametoka wapi?

Tuchukue mfano wa mtaa wa Kahawa Sukari, kando ya barabara ya Thika, si mbali na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Nyumba moja huko yaweza kutumia maji ya mfereji wiki hii, ya kisima kirefu cha mashine wiki ijayo, ya lori mifereji ikikauka, na ya mvua masika yakifika. Yote huingia katika tangi lile lile na kutoka kwenye bomba lile lile. Wewe unaona maji tu, lakini kwa samaki hayo ni maji ya aina nne.

Maji ya mito inayoteremka kutoka milima ya Aberdare huwa mepesi, yana madini kidogo. Maji ya kisima kirefu yamekaa muda mrefu sana ndani ya miamba ya volkano, na yamebeba mengi kutoka huko. Basi tuangalie majibu mawili yanayowashangaza watu.

La kwanza ni pH kupanda yenyewe. Kipimo cha pH huonyesha kama maji yana asidi, kama ndimu, au yana alkali, kama magadi. Namba 7 ndiyo katikati, na kila hatua moja ni mara 10 ya ile iliyotangulia. Tuseme umepima maji punde tu yalipovutwa kisimani, ukapata 7. Siku ya pili, ndani ya tangi la samaki, unapata 8 na zaidi, na hukutia kitu. Kumetokea nini? Maji ya chini ya ardhi huja na hewa ya kaboni, ile ile inayotoa mapovu katika soda. Hewa hiyo huongeza asidi. Maji yakikaa wazi au yakipulizwa na pampu ya hewa, inatoka, na pH inapanda mpaka mahali pake pa kweli.

Ili kuhakikisha, jaza ndoo maji ya bomba, weka pampu ya hewa ndani yake, uache saa 24, kisha pima tena. Jibu la ndoo ndilo jibu la maji yako. Likilingana na la tangi, usiwalaumu samaki, changarawe wala dawa.

Jibu la pili la ajabu ni KH kuwa kubwa kuliko GH. GH ni kipimo cha madini kama kalsiamu, yale yanayofanya sabuni ikatae kutoa povu. KH huonyesha nguvu ya maji ya kupinga asidi. Katika nchi zenye mawe ya chokaa viwili hivi hupanda pamoja, ndiyo maana maelezo yanayokuja na dawa za kupimia hukufanya udhani umekosea. Lakini katika maeneo ya Nairobi na Kiambu, maji mengi ya chini hupoteza kalsiamu ndani ya miamba na kuchukua sodiamu. Kinachobaki ndani yake ni jamaa wa karibu wa magadi tunayotia kwenye maharagwe yaive upesi. Hivyo sabuni inatoa povu vizuri, GH iko chini, na KH iko juu. Dawa yako haikudanganya.

Je, hayo yana hatari gani kwa samaki? Hatari kubwa iko kwenye amonia, uchafu unaotoka kwa samaki wenyewe na kwa chakula kilichooza. Amonia ina sura mbili majini, moja kali na moja pole, na pH ndiyo inayoamua ipi iwe nyingi. Katika joto la sentigredi 25, maji yakiwa na pH ya 7, amonia iliyo kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH ya 8 inakuwa kama asilimia 5, na kwenye 9 inapita asilimia 30. Sasa fikiria tangi lililozoea maji ya mfereji, lenye amonia kidogo ambayo haijamdhuru yeyote. Mifereji inakauka, nawe unabadilisha nusu ya maji kwa yale ya kisima. Maji ni safi kabisa, lakini saa chache baadaye samaki wako juu wanatweta. Umeamsha sumu iliyokuwa imelala.

Kwa hiyo pima amonia kabla ya kuongeza maji ya chanzo kingine, na ubadilishe kidogo kidogo, ndoo moja leo na nyingine baada ya siku mbili. Tangi jipya lipe wiki 4 hadi 6, ili vijidudu vinavyoigeuza amonia viweze kuzaana. Sponji ya chujio ioshe kwa maji ya tangi lenyewe, kwa maana klorini ya mfereji huviua vijidudu hivyo.

Usijaribu kushusha pH kwa siki au ndimu. Magadi yaliyomo yatapigana na asidi yako, pH itashuka jioni na kupanda asubuhi, na kuyumba huko huwaumiza samaki kuliko pH kubwa iliyotulia. Ni afadhali uchague samaki wanaoyaweza maji uliyo nayo. Gapi na samaki wa dhahabu ni wavumilivu. Samaki wa rangi wa Ziwa Malawi na Ziwa Tanganyika wamezaliwa katika maji ya alkali. Neon tetra wa misitu ya Amazon hawayafai, labda uchanganye na maji ya mvua. Hapa Kenya tuna tilapia mdogo wa Ziwa Magadi anayeishi katika pH ya karibu 10. Yeye hatoi uchafu wake kama amonia bali kama yurea, na ndiyo maana hadhuriki. Samaki wako hana kipawa hicho.

Sasa, mzazi, sikiliza kwa makini. Maji yenye magadi mengi na kalsiamu kidogo ndiyo yanayoweza kubeba floraidi nyingi, kwa kuwa kalsiamu ndiyo huishika floraidi na kuizuia isizidi. Visima vingi vya Nairobi na Kiambu vimepimwa vikakutwa na floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi ikizidi, meno ya mtoto huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Hatari ni kubwa kabla ya umri wa miaka 8, meno ya kudumu yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi.

Dawa za kupimia maji ya samaki hazipimi floraidi, na ulimi hauitambui. Kwa hiyo KH kubwa na GH ndogo si ushahidi kamili, bali ni mlango uliobishwa. Mwombe mwenye nyumba au mwenye kisima cheti cha maji. Kama hana, majirani wachangeni mpeleke chupa ya maji maabara. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, floraidi inabaki. Chujio la udongo pia haliiondoi. Mkaa wa mifupa, unaotumika Nakuru na Arusha, huipunguza. Na maji safi ya mvua, yakikingwa vizuri na kuchemshwa, yanafaa kwa kunywa na kwa uji wa mtoto.

Tafuta daftari. Kila unapopima, andika tarehe, chanzo cha maji, na jibu. Baada ya miezi miwili hutashangazwa tena, na huenda daftari la samaki likawa ndilo lililoyaokoa meno ya mtoto wako.