Skrini za kugusa katika boti ndogo: Zijaribiwe kwanza kwa ndoo ya maji chumvi

KATIKA miaka ya karibuni, Serikali ya Muungano na ile ya Mapinduzi ya Zanzibar zimeweka mkazo katika kuwapatia wavuvi wadogo boti za kisasa. Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti na vizimba vya kufugia samaki kwa njia ya mkopo. Visiwani nako, chini ya sera ya uchumi wa buluu, wavuvi na wakulima wa mwani wamegawiwa boti za faiba zenye injini za kupachika.

Hatua hizo zinastahili pongezi. Hata hivyo, faiba na injini peke yake havitoshi kuifanya boti kuwa ya kisasa. Nahodha anahitaji pia kifaa cha kumwonyesha mahali alipo, kina cha maji yaliyo chini yake na njia ya kurudia pwani.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kwa mtazamo wa haraka huonekana dogo: kioo cha kifaa hicho kiwe cha kugusa kama cha simu ya mkononi, au kiwe na vitufe vya kubonyeza? Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo si dogo hata kidogo, na kwamba jibu lake lisitolewe na mtu aliyeketi ofisini mbele ya kitabu cha bei.

Tuanze na mazingira yenyewe. Boti ya wazi haina chumba wala paa. Jua la saa sita humpiga nahodha usoni, kifaa nacho hupigwa vivyo hivyo. Kusi linapovuma, mawimbi humrushia maji kila baada ya muda mfupi. Mkono mmoja umeshika usukani wa injini, na wa pili umelowa maji ya bahari, mafuta au utelezi wa samaki.

Mfano mzuri ni safari ya kati ya Nyamisati na Mafia, karibu na delta ya Rufiji. Mchanga unaoletwa na mto hujenga mafungu yanayohama. Nyakati za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika mwambao wetu huzidi mita 3. Njia iliyopitika asubuhi yaweza kuwa nchi kavu alasiri. Nahodha anayeikaribia njia kama hiyo usiku hana nafasi ya kubembelezana na kioo.

Sasa tukitazame kioo chenyewe. Skrini nyingi za kugusa za siku hizi hufanya kazi kwa umeme hafifu uliotandazwa juu ya kioo. Kidole kinapogusa, huvuta sehemu ndogo ya umeme huo, na kifaa hutambua mahali palipoguswa. Maji ya chumvi nayo hupitisha umeme vizuri. Kwa hiyo, tone la maji laweza kuchukuliwa kuwa ni kidole, ilhali kidole halisi kilicholowa chaweza kisitambuliwe kabisa.

Matokeo yake ni ramani inayosogea bila kuguswa, au orodha ya amri inayojifungua yenyewe. Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Skrini inayotii kila tone la maji ina manahodha wasiohesabika.

Ni kweli kwamba watengenezaji wamelishughulikia tatizo hilo. Vipo vifaa vyenye programu za kupuuza matone, na vingi vina njia ya kufunga mguso kwa muda. Lakini skrini iliyofungwa mguso, kama haina vitufe, haiwezi kupewa amri mpaka ifunguliwe. Katika hali ya hatari, hatua hiyo moja ya ziada yaweza kuwa ndiyo iliyobeba maisha ya watu.

Wapo watakaosema kwamba hofu hii imetiwa chumvi. Na wakumbuke yaliyoipata meli ya kivita ya Marekani, USS John S. McCain, alfajiri ya Agosti 21, 2017, katika mlango wa bahari wa Singapore. Meli hiyo iligongana na meli ya mafuta iitwayo Alnic MC, na mabaharia 10 wakapoteza maisha.

Uchunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, uliotolewa mwaka 2019, ulionyesha kwamba mabaharia walichanganyikiwa mbele ya mitambo yao ya skrini za kugusa. Usukani ulikuwa umehamishiwa kituo kingine bila wao kujua, na nguvu ya injini za pande mbili ikapunguzwa upande mmoja tu. Bodi iliilaumu pia Navy hiyo kwa mafunzo hafifu na usimamizi dhaifu.

Mwaka huo huo, jeshi hilo la majini lilitangaza kwamba litarejesha vishikio halisi vya kuongozea nguvu za injini katika meli zake za aina hiyo. Ikiwa mabaharia wa kulipwa, ndani ya chumba kikavu, waliweza kupotezwa na kioo, mvuvi aliye peke yake juani atasalimika kwa lipi?

Haki lazima itendeke kwa pande zote. Skrini ya kugusa ina faida zake. Kuivuta ramani kwa kidole ni rahisi kuliko kubonyeza vishale mara 20. Kuandika jina la mwamba au la dema ni kazi ya sekunde chache. Aidha, pasipo na vitufe, sehemu kubwa ya kifaa hubaki kwa ajili ya picha, na hilo lina maana katika boti yenye nafasi finyu.

Kwa sababu hiyo, jibu la busara kwa boti kubwa kidogo ni kifaa chenye vyote viwili. Vifaa hivyo vipo sokoni: Raymarine, kwa mfano, hutengeneza aina ya Axiom isiyotegemea ila mguso, na aina ya Axiom Pro yenye mguso pamoja na vitufe. Kwa boti ndogo kabisa, kifaa cha vitufe pekee chatosha, nacho kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini.

Jambo jingine ni umeme. Injini nyingi ndogo za kuvuta kamba hazina mfumo wa kuchaji betri. Skrini kubwa yenye mwanga mkali yaweza kula ampea moja hadi moja na nusu kila saa, yaani hadi ampea-saa 15 kwa safari ya saa 10. Kifaa kidogo cha vitufe cha inchi 4 chaweza kutumia takriban robo ya ampea tu. Kile cha mkononi huendeshwa kwa betri mbili ndogo kama za tochi, nazo huweza kukaa karibu saa 20.

Mwanga nao usisahauliwe. Skrini inayong'aa vizuri dukani yaweza kuwa nyeusi tititi juani. Mnunuzi aulize kipimo cha mwangaza, na kwa boti isiyo na kivuli asikubali kilicho chini ya niti 1,000. Aulize pia alama ya kuzuia maji. Ile ya IPX7 ina maana kwamba kifaa kimejaribiwa kwa kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Alama hiyo, hata hivyo, haithibitishi kwamba mguso utafanya kazi kikiwa kimelowa.

Ramani iliyomo ndani nayo ina mipaka yake. Kuikuza picha hakuongezi ukweli wa vipimo vilivyochukuliwa na wapimaji, pengine miaka mingi kabla fungu la mchanga halijahama. Ndiyo maana kipima kina, dira ya kawaida na ujuzi wa manahodha wazee havijapitwa na wakati. Kifaa bora ni kile kinachomwezesha nahodha kuhifadhi njia aliyopita salama na kuifuata tena gizani.

Nini basi kifanyike? Kwanza, kabla ya zabuni kufungwa, vifaa vinavyopendekezwa vipelekwe ufukweni saa sita mchana. Vimwagiwe ndoo ya maji ya bahari, kisha mvuvi mwenye mikono iliyolowa aambiwe aweke alama ya mahali alipo, akuze ramani na kurudi katika ukurasa wa kwanza. Kifaa kitakachoshindwa kirudishwe kwa muuzaji.

Pili, vikundi vya wavuvi vishirikishwe katika uteuzi. Wao ndio watakaolipa mkopo, na deni halipungui kwa sababu kioo kimekataa kazi.

Tatu, mafunzo yahesabiwe kuwa sehemu ya bei. Vifaa vingi huja na menyu za Kiingereza, na siku moja ya maelezo katika ukumbi haitoshi. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kwa upande wa Bara, na Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa upande wa Zanzibar, ni vema vitoe mwongozo mfupi wa Kiswahili kuhusu sifa za chini za vifaa hivi katika boti za wazi.

Hakuna anayepinga maendeleo. Lakini fedha za umma zikitumika kununua kioo kinachopendeza bandarini na kugoma baharini, atakayelipa gharama ni mvuvi na familia inayomsubiri pwani. Ndoo moja ya maji ya bahari haigharimu kitu, na wanaosimamia ununuzi hawana kisingizio cha kutoitumia.