Makaa Juu, Makaa Chini

Mwezi uliopita mama mmoja wa parokia yetu alifika ofisini kwangu asubuhi na mapema, kabla sijafungua daftari la ubatizo, simu mkononi. Binti yake yuko Nagasaki, Japani, masomoni. Alikuwa ameleta habari kwamba Jumapili moja, baada ya Misa, wageni wote wa kanisa analosali wataleta mezani chakula cha kwao. Yeye ameahidi keki, na chumba chake hakina tanuri.

“Mwanangu Karani,” akasema mama, “mwandikie anunue jiko la mkaa, apalie makaa juu ya mfuniko kama nilivyomfundisha.”

Kwa upande wa keki mama hakukosea. Ninyi akina mama mwajua: makaa machache chini, mengi juu, na keki hupanda vizuri sana. Hata Nagasaki yenyewe yaijua kazi hiyo. Wareno walianza kutia nanga katika bandari ile mwaka 1571, nao ndio waliowaonyesha Wajapani keki ya mayai na sukari, ambayo hadi leo huitwa kasutera, kwa jina la nchi ya Castilla. Wajapani hawakuwa na tanuri za kuokea. Basi wakaweka makaa chini ya chungu na makaa juu ya mfuniko, sawasawa na mama yetu huyu.

Lakini sikuandika alivyoniagiza. Kule ilikuwa baridi, madirisha yamefungwa, na chumba ni kidogo. Mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, husinzia, asiamke tena. Hata kwetu, sehemu za baridi, watu wamekufa kwa kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku. Nilipomweleza, mama alikaa kimya, kisha akasema, “Mwandikie upesi, asije akanisikiliza mimi.”

Nikaandika. Binti akajibu kuwa makaa hakuyafikiria, bali amekwama kwingine. Alisafiri na sufuria ya alumini ya nyumbani, na jiko alilopewa ni la umeme, lile linalopasha moto chombo kinachoshikwa na sumaku tu. Ile sufuria ilikaa juu yake nusu saa, ikabaki baridi kama jiwe la mtoni. Akacheka, asema, halafu akalia kidogo.

Kilichobaki ni chombo cha kupikia wali cha umeme. Vyombo hivi vyenye kujizima vyenyewe vilianza kuuzwa huko Japani mwaka 1955, na kazi yake ni rahisi kueleweka. Maadamu kuna maji ndani, joto la sufuria halipandi sana kupita digrii 100. Wali ukisha kunywa maji, joto hupanda, na swichi hujizima. Keki ina maji machache, kwa hiyo swichi hujizima mapema mno, na hapo ndipo wengi hudhani chombo kimeharibika. Mngoje dakika chache, umbonyeze tena. Hata mara tatu au nne.

Binti alitumia mayai 4, sukari gramu 100 na unga gramu 100. Siri iko katika kupiga mayai na sukari mpaka povu liwe zito, uliinue na mwiko lianguke polepole kama utepe. Ndipo unga uchekechwe na kuchanganywa kwa mkono mwepesi. Chombo alikipaka siagi. Alichoma kwa njiti ya mti, na ilipotoka kavu akajua imeiva. Ilimchukua karibu saa nzima.

Picha ikaja. Mama aliitazama, akakunja uso: “Mbona juu ni nyeupe? Hii si keki, ni uji uliosimama.” Kweli, chombo kile hakina moto wa juu. Picha ya pili keki ilikuwa imegeuzwa kichwa chini, hudhurungi safi, imepambwa kwa vipande vya chungwa. Mama akaniomba nimwonyeshe tena, na tena.

Jumapili ile keki iliisha kabla ya chai. Ile sufuria ya nyumbani hakuitupa. Asema anawekea vitunguu.