Heshima ya Mafundi wa Ndege za Sarakasi

Ndege tisa za Red Arrows, kundi la sarakasi za angani la Jeshi la Anga la Kifalme la Uingereza, zinapopita juu ya hadhara kwa umbo la almasi, zikiburura moshi mweupe, mwekundu na wa buluu, macho yote huelekea juu na kila kinywa humsifu rubani; wala sifa hizo si za bure, maana mcheza kwao hutuzwa, na mtu awezaye kuishikilia ndege yake karibu mno na ubawa wa mwenziwe, kwa mwendo wa mamia ya kilomita kwa saa, amestahili makofi yote anayopigiwa. Rai yangu ni kwamba shukrani hiyo huishia njiani. Katika kambi ya Waddington, jimboni Lincolnshire, wapo wanaume na wanawake zaidi ya mia moja, wavaao ovaroli za buluu na kwa sababu hiyo huitwa Blues, ambao ndio waliofanya almasi ile iwezekane kabla haijapaa. Na mtu wa insafu hawezi kuwataja marubani tisa akawapitia hawa kimya.

Zitazameni ndege zenyewe. Hawk T1 iliingia katika kundi hili mwaka 1979, ikapokea zamu kutoka kwa Gnat iliyokuwa ikitumika tangu msimu wa kwanza wa 1965, na ilipofika Machi 2022 vikosi vingine vya jeshi hilo vilikwisha kuiaga, ikabakia kwa Red Arrows pekee. Aghalabu ndege ni kongwe kuliko kijana anayeirusha, na injini yake ni moja tu. Kwa hiyo kila majira ya baridi, wakati watazamaji wamekwisha kurejea makwao na magazeti hayana habari ya kuandika, mafundi huzifungua ndege hizo kipande kwa kipande, wakakagua, wakabadilisha kilichochakaa na kuzifunga tena, ili msimu wa kiangazi uzikute zimekaa tayari. Hata ule moshi ni kazi ya mikono yao: ni dizeli inayomiminwa katika hewa ya moto itokayo kwenye injini, ikageuka mvuke mweupe, na ikichanganywa na rangi hutoka nyekundu au buluu. Rubani ana dakika tano za moshi mweupe na dakika moja moja ya rangi hizo mbili, basi. Kila anaposhuka, sharti tangi lijazwe upya, na kazi hiyo ina watu wake maalumu.

Lakini linaloniteka moyo zaidi ya hayo yote ni kitabu. Kila ndege ya jeshi lile ina daftari lake, liitwalo Fomu 700, ambamo huandikwa kila hitilafu iliyoonekana na kila kazi iliyotendwa, na fundi aliyekaza boliti hutia saini kwa mkono wake kwamba yeye ndiye aliyeikaza. Ikiwa kazi yenyewe inagusa kitu ambacho uhai wa rubani umekitegemea, huitwa fundi mwingine, asiyeshiriki katika kazi ile, aikague upya na kutia saini ya pili. Spana na bisibisi nazo zina hesabu yake. Kila moja ina tundu lake lililochongwa kwa umbo lake ndani ya sanduku, na tundu moja likionekana tupu mwisho wa kazi, ndege hairuki mpaka chombo kilichopotea kipatikane. Baada ya hayo ndipo rubani anapokuja, akasoma, akatia saini yake na kuipokea amana. Hana wasaa wa kuingia tumboni mwa injini kuhakikisha. Husoma jina la mwenziwe akaamini, kisha huenda akaigeuza ndege kichwa chini mbele ya maelfu ya watu kwa nguvu ya imani hiyo. Sisi watu wa pwani tungepaswa kulielewa jambo hili upesi, maana jahazi lililovuka bahari salama lilimletea nahodha fahari, ilhali aliyelitia kalafati mbao zake alikuwa amebaki ufukweni na nyundo yake.

Tena wapo wasiobaki ufukweni. Kila msimu huteuliwa mafundi wachache waitwao Circus, kila mmoja akakabidhiwa rubani wake, nao husafiri katika kiti cha nyuma ndege zinapotoka uwanja mmoja kwenda mwingine, wakifika hushuka hima kutia mafuta, kutazama matairi na kuitayarisha ndege kwa onyesho. Aliyetia saini ndiye apandaye. Tarehe 20 Machi 2018 Koplo Jonathan Bayliss, fundi wa Circus, alifariki dunia baada ya Hawk aliyokuwa amekaa kiti cha nyuma kuanguka katika uwanja wa Valley, huko Wales. Rubani wake alifaulu kujirusha nje kwa kiti cha kujiokolea. Baada ya msiba ule hakuna mwenye udhuru wa kusema kwamba hatari ya sarakasi hizi ni ya rubani peke yake.

Wapo watakaojibu kwamba fundi analipwa mshahara, na hiyo ndiyo shukrani yake. Rubani naye analipwa, wala hatujaona mshahara ukimzuilia makofi. Linaloniuma ni hili: ile saini ya fundi, iliyokaa kitabuni siku zote za salama bila ya mtu wa nje kuiuliza, hutafutwa kwa juhudi siku ya ajali, na wachunguzi wakaisoma herufi kwa herufi. Si haki jina la mtu litakiwe siku ya lawama tu, lisitakiwe siku ya furaha.

Mambo mema ya kuigwa yapo. Katika Jeshi la Anga la Marekani ni desturi jina la fundi mkuu wa ndege kuandikwa ubavuni mwa ndege yake, kama liandikwavyo la rubani. Na katika maonyesho ya Blue Angels, kundi la jeshi la majini la nchi hiyo lililoanzishwa mwaka 1946, mafundi huandamana kwa hatua moja na kumpigia rubani saluti mbele ya hadhara nzima, wakawa sehemu ya onyesho lenyewe. Kwa Red Arrows, rubani wa kumi husimama chini akiwaeleza watazamaji kinachotendeka angani; kipaza sauti anacho mkononi, na dakika mbili za kuwataja Circus wa msimu ule hazitampunguzia mtu yeyote utukufu.

Nasi tunazo siku zetu. Ndege za kijeshi zinapopita juu ya gwaride la Uhuru Tanzania au la Jamhuri Kenya, mtangazaji hutuambia ndege ni za aina gani na nani anaziongoza. Nawaomba wakuu wa majeshi na wenzangu wa redio na televisheni waongeze mafundi katika maelezo hayo. Ikiwa usalama wa nchi hauruhusu majina, na watajwe kwa kazi zao, wa injini, wa umeme, wa mafuta, wa zamu ya usiku. Na wachache wao wapewe nafasi uwanjani, wasimame kwa ovaroli zao mahali ambapo wananchi watawaona wakati makofi yanapigwa.